Kununua Gari Kuukuu Lenye Kilomita Nyingi: Mwongozo Kamili wa Kukagua, Kupiga Hesabu na Kuamua

Wengi wanaoumizwa na gari la miaka 12 na kuendelea hawaumizwi na kilomita. Wanaumia kwa sababu walilipa amana kabla ya kujua jina la mwenye gari, wakafika kulikagua injini ikiwa tayari ya moto, kisha wakamwamini fundi aliyeletwa na broka. Makosa hayo matatu yanajirudia kuanzia yadi za Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Bungoma. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zina mpangilio wake, na usizirukeruke: karatasi, injini baridi, barabara ya mlima, hesabu, na pesa mwisho kabisa.

Kilomita zenyewe zisikutishe. Injini ya 1NZ ya Toyota, iliyo kwenye Probox na Fielder nyingi, ikibadilishiwa oili kwa wakati hupita kilomita 300,000 bila kufunguliwa. Injini hiyo hiyo ikiachwa na oili iliyochoka inaweza kuanza kutoa moshi kabla ya kufika nusu ya hapo. Unatafuta mambo mawili tu: ushahidi wa matunzo, na bei ya kurekebisha yale ambayo hayakutunzwa.

## Vitu vya kubeba

- Tochi yenye mwanga mkali, na kitambaa cheupe au karatasi ya tishu.
- Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa laini isikwaruze rangi.
- Mita ya kupima volti.
- Skana ndogo ya kuchomeka kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, ile inayosomeka kwa simu.
- Mkeka au gunia la kulalia.
- Daftari, kalamu, na simu yenye chaji ya kutosha kupiga picha.
- Fundi wako mwenyewe, unayemlipa wewe, anayejua aina hiyo ya gari na aliye na kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Mwambie mapema kwamba malipo yake ni yale yale ukinunua au ukiacha. Fundi anayelipwa gari likinunuliwa tu ana sababu ya kutaka linunuliwe.

Tenga saa tatu, asubuhi. Jioni na wakati wa mvua si saa za kukagua gari, kwa sababu maji juu ya rangi huficha mikwaruzo, viraka na tofauti za rangi.

## Hatua ya 1: Karatasi, ukiwa bado nyumbani

Omba namba ya usajili na picha ya logibuku kwa simu. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, fungua huduma za NTSA, mamlaka inayosajili magari, kisha ufanye upekuzi wa rekodi za gari hilo. Ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na hasara inayozuia. Matokeo yatakuonyesha jina la mmiliki, mwaka wa kutengenezwa, namba ya chesisi, namba ya injini, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa.

Upekuzi huo mmoja hautoshi. Tangu Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake kwenye daftari la dhamana linalopatikana pia kupitia eCitizen. Tafuta humo kwa namba ya chesisi. Mikopo ya logibuku imeenea sana mijini kwetu, na ukilinunua gari lenye deni lililosajiliwa, mkopeshaji anaweza kulifuata mpaka kwako.

Acha gari hilo ikiwa:

Anayeuza si aliyeandikwa na mwenyewe hapatikani. Maneno ya "mwenye gari yuko ng'ambo, mimi ni binamu yake" hayakusaidii, maana uhamisho huanzishwa mtandaoni na mmiliki aliyesajiliwa kutoka kwenye akaunti yake. Fomu ya zamani iliyotiwa saini na kuachwa wazi haitakupa umiliki.

Mwenye gari amefariki. Hapo anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi mwenye hati iliyothibitishwa na mahakama. Barua ya chifu haitoshi, hata kama familia nzima imekubaliana.

Gari lina namba za Uganda na bei ni ya kushangaza. Busia na Malaba utayaona mengi. Uganda huruhusu kuingiza magari hadi ya miaka 15, ilhali Kenya kikomo ni miaka 8. Gari la umri huo haliwezi kusajiliwa hapa, na ukiliendesha bila kibali na ushuru linaweza kukamatwa.

Jambo moja wanunuzi hulikosea sana: herufi za namba ya gari huonyesha lilisajiliwa Kenya lini, hazionyeshi mwaka lilipotengenezwa. Gari lililosajiliwa 2015 linaweza kuwa la 2008. Fuata mwaka ulio kwenye rekodi ya NTSA.

*Umefaulu ikiwa:* jina kwenye rekodi ni la mtu utakayekutana naye ana kwa ana akiwa na kitambulisho chake, na hakuna mkopeshaji popote.

## Hatua ya 2: Linganisha namba kwenye gari lenyewe

Fungua boneti. Kwa Toyota nyingi ndogo, chesisi imegongwa kwenye ukuta wa bati ulio kati ya injini na dashibodi, na kuna kibati kinachorudia namba hiyo pamoja na msimbo wa modeli, rangi na giaboksi. Soma tarakimu moja moja ukilinganisha na rekodi. Pitisha kidole juu ya namba: ikiwa bati limesuguliwa, lina mistari ya kuchomelea au rangi mpya mahali hapo tu, funga boneti uage.

Msimbo wa modeli utakuambia mengine pia. Probox ya NCP50 ina injini ya cc 1300, NCP51 ina ya cc 1500. Wauzaji wengi huziita zote "fifteen hundred", na bei wanayotaka ni ya 1500. Ukisoma kibati, mjadala huo unaisha hapo hapo.

Namba ya injini isipofanana na rekodi, injini ilibadilishwa. Hilo peke yake si dhambi, kwani injini iliyotumika kutoka Japani inaweza kuwa bora kuliko ile ya kwanza. Lakini mabadiliko lazima yawe yameandikwa NTSA. Mwambie muuzaji akamilishe jambo hilo kwanza kwa jina lake.

## Hatua ya 3: Je, kilomita ni za kweli?

Kurudisha nyuma odometa ni kazi ya dakika chache, kwa hiyo usiiamini peke yake. Omba cheti cha usafirishaji kutoka Japani au cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla ya gari kupakiwa melini. Kilomita huandikwa humo. Kisha tafuta vibandiko vya huduma ya oili pembeni mwa mlango au chini ya boneti, na risiti zozote. Vipange kwa tarehe. Kilomita zikipanda kisha zikashuka, umepata jibu.

Halafu tazama vitu vinavyochakaa kwa mguso: raba ya pedali ya breki, usukani upande wa juu kulia, ukingo wa kiti cha dereva anakokwaruza akiingia. Gari linalosema 90,000 huku pedali imelika hadi chuma linasema uongo.

Fanya pia hesabu ya kazi. Nakuru hadi Kisumu ni karibu kilomita 180. Gari linalokwenda na kurudi mara tatu kwa wiki hukata zaidi ya kilomita 50,000 kwa mwaka. Probox iliyofanya kazi ya abiria kwa miaka mitano haiwezi kuwa na 120,000. Dalili za kazi hiyo hazifichiki kirahisi: springi za nyuma zilizolala, kufuli za kiti cha nyuma zilizolegea, mlango wa nyuma unaofungwa kwa kubamiza, na matundu ya skrubu palipokuwa na viti vya ziada.

Kilomita 280,000 za kweli zenye risiti zina thamani kuliko 110,000 zisizo na ushahidi. Muuzaji anayekuonyesha rekodi za gari lililotembea sana anastahili kusikilizwa.

## Hatua ya 4: Bodi, ajali na maji

Simama mita tano kutoka kila kona ukitazama mstari wa milango. Nafasi kati ya paneli inapaswa kuwa sawa pande zote mbili. Pitisha sumaku kwenye mabawa, milango na nguzo za paa. Mahali isiposhika pana fila, ile plasta ya kuzibia bati, chini ya rangi. Kiraka kidogo mlangoni ni jambo la kawaida. Fila kwenye nguzo, au mikunjo kwenye reli mbili za chuma zilizo chini ya injini, ni ajali kubwa, na gari kama hilo halitalinda watu wako likigongwa tena.

Mafuriko yanahitaji umakini wa peke yake huku kwetu. Nyanda za Kano, Nyando, Ahero na Budalang'i hufurika mara kwa mara, na mvua za Aprili na Mei 2024 zilizamisha magari sehemu nyingi za nchi. Gari lililozama huoshwa, hupulizwa manukato na kuuzwa mji mwingine. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa: sentimita za mwisho, zile ambazo hazitoki siku za kawaida, ndizo hubaki na alama ya matope. Inua zulia chini ya kiti cha abiria, unuse. Angalia kutu kwenye reli za viti na tope kavu nyuma ya boksi la fyuzi. Dalili mbili kati ya hizo zikikutana, acha. Umeme wa gari lililozama huoza polepole, na kila mwezi utakuwa unatafuta tatizo jipya.

## Hatua ya 5: Injini ikiwa baridi

Hapa ndipo gari huamuliwa. Mwambie muuzaji usiku uliotangulia kwamba unataka kulikuta halijawashwa. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina joto, uliza sababu, na ikibidi urudi siku nyingine. Injini nyingi mbovu huwaka vizuri zikiwa za moto, kwa hiyo zinapashwa makusudi.

Kabla ya kuwasha. Fungua kifuniko cha rejeta *injini ikiwa baridi tu*. Ikiwa ya moto, maji yataruka na kukuunguza uso. Maji yawe na rangi safi ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini): kijani, nyekundu au ya waridi. Rangi ya kutu maana yake wameweka maji ya mfereji kwa muda mrefu, na ndani kunaoza. Utando wa mafuta juu ya maji ni ishara ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua.

Kabla hata ya kufungua kifuniko hicho, binya mpira mnene wa juu wa rejeta. Gari likiwa limelala usiku kucha, mpira huo unapaswa kuwa laini. Ukiwa mgumu umejaa hewa, gesi ya mwako inavuja kuingia kwenye maji. Wauzaji wengi hawajui kuificha dalili hii.

Vuta kijiti cha oili, kipanguse, kirudishe, vuta tena. Oili nyeusi si kosa. Oili yenye chembe zinazong'aa za chuma, au iliyopungua chini ya alama ya mwisho, ni kosa. Fungua kifuniko cha oili utazame ndani kwa tochi: rangi ya kahawia nyepesi ni kawaida ya umri, lakini tope zito jeusi lililoganda maana yake oili iliachwa mno. Povu jeupe kama maziwa linahitaji uangalifu. Nakuru asubuhi za Juni hadi Agosti, gari la safari fupi linaweza kuwa na povu kidogo kwenye kifuniko kwa sababu ya unyevu. Povu likiwa hata kwenye kijiti, maji yameingia kwenye oili.

Pima betri: volti 12.4 hadi 12.7 ni nzuri.

Wakati wa kuwasha. Muuzaji awashe, wewe simama nyuma ya bomba la moshi. Ukiweza, mtu mwingine awe mbele akisikiliza. Kwenye dashibodi, taa ya injini, ya oili na ya eabegi ziwake ufunguo unapofunguliwa, kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwani kuna uwezekano balbu imetolewa ili kuficha tatizo.

Mlio wa cheni sekunde moja au mbili injini inapowaka unaweza kuvumilika. Ukiendelea kugonga zaidi ya hapo, cheni ya taimingi au kikaza chake kimechoka. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaoongezeka ukikanyaga mafuta, ni beringi za krenki. Hapo hakuna bei ya kujadili.

Moshi usome hivi. Mvuke mweupe mwepesi unaoisha kwa dakika chache ni wa kawaida kwenye baridi. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni maji kwenye silinda. Mweusi ni petroli kupita kiasi, mara nyingi sensa au plagi. Wa bluu ni oili: pumzi moja wakati wa kuwasha kisha ukapotea huelekeza kwenye sili za valvu, ukiendelea unapokanyaga mafuta ni ringi za pistoni. Sili zinaweza kubadilishwa. Ringi maana yake ni kufungua injini yote.

Acha iwake bila kukanyagwa dakika 15, AC ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Skana isome joto la maji: lipande, litulie kati ya nyuzi 82 na 98 hivi, na feni ijiwashe na kujizima. Joto likizidi kupanda gari likiwa limesimama, foleni ya Kondele saa nane mchana itakuchemshia. Pima tena betri injini ikiwaka: volti 13.8 hadi 14.5 zinaonyesha altaneta iko sawa.

*Umefaulu ikiwa:* injini imeshika mara moja, sauti imetulia ndani ya sekunde chache, hakuna moshi wa rangi, na mkono wa joto haukusogea baada ya kufika katikati.

## Hatua ya 6: Barabara yenye mlima

Kuzunguka mtaa mara moja hakukuambii kitu. Ukiwa Kisumu, panda kutoka Kondele kupitia Mamboleo hadi Riat na Kiboswa, kisha urudi. Ukiwa Nakuru, chukua barabara kuu ya kuelekea Mau Summit, upande mlima wa Sachangwan baada ya Salgaa, kwa uangalifu mkubwa kwa sababu malori hapo yameua wengi. Endesha mwenyewe, redio imezimwa, madirisha wazi kwanza kisha yakiwa yamefungwa. Hakikisha bima ya gari iko hai kabla ya kushika usukani.

Kabla ya kuondoka, kwa gari la gia otomatiki: kanyaga breki, toka N kwenda D, kisha R. Gia ishike ndani ya sekunde mbili bila kishindo. Kwenye mpando, sikiliza injini. Ikinguruma na spidi isiongezeke, giaboksi inateleza. Kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa, ukikanyaga mafuta kidogo tu, mtetemo kama wa kupita juu ya matuta madogo ni dalili ya konveta (inayounganisha injini na giaboksi) au ya oili ya giaboksi iliyochoka. Ukikuta oili ya giaboksi mpya kabisa, nyekundu ang'avu, kwenye gari la kilomita 250,000, uliza ilibadilishwa lini na kwa nini. Huenda imewekwa kuficha mtelezo kwa wiki mbili tatu.

Kwa gia za mkono, panda mlima gia ya nne kwa spidi ndogo ukanyage mafuta hadi mwisho. Mzunguko wa injini ukiruka bila gari kuongeza mwendo, klachi imeisha.

Wakati wa kushuka kutoka Riat, fanya jambo hili moja. Weka gia ndogo, achilia mafuta kabisa, injini ishike gari kwa nusu dakika. Kisha kanyaga mafuta ghafla huku ukitazama kioo cha nyuma. Wingu la bluu likitoka wakati huo, injini inavuta oili kupitia sili za valvu au ringi. Kipimo hiki hukamata magari yaliyopita vizuri yakiwa yamesimama.

Mahali palipo salama na patupu, funga breki kwa nguvu kutoka kilomita 50. Gari lisivute upande. Usukani ukitetemeka, diski zimepinda. Kwenye uwanja, kata kona hadi mwisho kulia na kushoto ukisonga polepole: tik-tik-tik ni jointi za shafti za mbele. Pita kwenye murram. Mlio mkavu wa kugonga mbele ni linki za stabilaiza au boli jointi. Mlio mzito ni bushi za mikono au shoki. Vyote hivyo vinabadilishwa na bei zake zinajulikana. Visikukimbize, viandike.

## Hatua ya 7: Gereji, kwa fundi wako

Peleka gari mwenyewe kwenye gereji uliyochagua wewe. Usikubali "ya jirani hapa". Ukitaka maoni ya tatu, AA Kenya, chama cha wenye magari, wana ofisi Nakuru na Kisumu.

Fundi apime kompresheni ya kila silinda, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa. Tarakimu kubwa pekee haisemi mengi. Linganisha silinda kwa silinda. Tofauti kati ya ya juu na ya chini isizidi takriban asilimia 10 hadi 15. Silinda ikiwa chini, tia kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi upime tena: ikipanda, ni ringi, isipopanda, ni valvu au gasketi.

Chomeka skana. Kosa lililoandikwa linaweza kurekebishwa. Kilicho kibaya zaidi ni kukuta hakuna kosa hata moja huku vipimo vya ndani vinasema "haijakamilika": mtu amefuta makosa asubuhi hiyo. Endesha kilomita chache zaidi, rudia, au ahirisha.

Gari likiwa juu, angalia mapovu ya kutu kwenye reli na mahali shoki zinaposhikwa, mafuta yanayotiririka kwenye shoki, na oili inayodondoka. Unyevunyevu wa umri si shida, tone linaloanguka ni shida. Soma tarehe ya matairi: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, kwa mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka sita lihesabie kama la kununua upya, hata kama meno bado yapo. Likilika upande mmoja tu, alaimenti au bushi zina tatizo.

Aina chache na udhaifu wake. Toyota Wish za mwanzo zenye injini ya 1ZZ zinajulikana kwa kula oili kutokana na ringi, kwa hiyo kipimo cha kushuka mlima ni cha lazima. Subaru zenye injini ya EJ zina mkanda wa taimingi unaohitaji kubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Bila risiti, hesabu umeisha, na tazama kama kuna mapovu kwenye chupa ya maji injini ikiwaka. Magari yenye giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), hasa Nissan ndogo, yasinunuliwe bila kujua oili ya giaboksi ilibadilishwa lini. CVT ikifa, mara nyingi bei yake humeza faida yote ya unafuu.

## Hatua ya 8: Hesabu, kabla ya kutaja bei

Gawanya daftari sehemu tatu: ya kurekebisha kabla ya kuendesha (breki, matairi, usukani), ya ndani ya miezi mitatu, na ya kusubiri. Piga simu maduka matatu ya spea ukiwa na namba ya chesisi, uulize bei ya vipya na vya kutoka Japani, uongeze ufundi.

Kisha tumia kanuni hii: bei ya gari safi la aina na mwaka huo huo, toa matengenezo ya sehemu mbili za kwanza, toa asilimia 10 ya bei hiyo kwa ajili ya yale usiyoyaona. Jibu ndilo kikomo chako.

Kwa mfano, tuseme lililo safi huuzwa 700,000, na matengenezo ni 118,000. Toa 70,000 nyingine. Kikomo ni 512,000. Muuzaji akitaka 600,000 na asishuke, ondoka ukiwa na daftari lako. Anza mazungumzo kwa kuonyesha orodha yenye bei, kitu kwa kitu. Wauzaji hupinga maneno matupu kwa urahisi kuliko bei ya matairi manne.

Nje ya bei hiyo, bakiza akiba ya asilimia 15 ya bei ya gari ambayo hutaigusa. Ukilipa hadi shilingi ya mwisho, gari la kilomita nyingi litasimama nyumbani kwa kukosa kitu cha elfu nane. Ulizia pia bima mapema: kampuni nyingi hukataa bima kamili kwa gari lililopita miaka 12 hadi 15 hivi, na utabaki na ile ya mhusika wa tatu. Kwa gari utakalolitegemea kwa riziki, hilo lapasa kukufanya upunguze kiwango unachohatarisha.

## Hatua ya 9: Malipo na uhamisho

Rudia upekuzi wa NTSA siku ya malipo yenyewe, kwani rekodi ya wiki iliyopita inaweza kuwa imebadilika. Andikeni mkataba mbele ya wakili: namba ya usajili, chesisi, injini, kilomita, bei, tarehe na saa ya kukabidhiana, nakala za vitambulisho na PIN za KRA. Saa ni muhimu, kwa sababu kosa la barabarani la kabla ya saa hiyo ni la muuzaji na la baada yake ni lako.

Lipa kwa benki kwenda akaunti yenye jina lile lile la kwenye logibuku. Broka alipwe na aliyemtuma, kando. Muuzaji aanzishe uhamisho mkiwa mmekaa pamoja, wewe ukubali kwenye akaunti yako kabla ya kuachana. Ada hutegemea ukubwa wa injini. Kubalianeni mapema nani atailipa. Sheria ya Trafiki hairuhusu gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya kusajiliwa kwa jina la mmiliki mpya. Bima ya muuzaji haikuhusu wewe, kwa hiyo nunua yako kabla ya kutoka getini.

*Umefaulu ikiwa:* upekuzi mpya wa namba hiyo unaonyesha jina lako.

## Kilomita 2,000 za kwanza

Badilisha oili ya injini na filta mara moja, usisubiri. 1NZ huchukua lita 3.7 pamoja na filta. Badilisha filta ya hewa, angalia plagi, weka kulanti sahihi badala ya maji ya mfereji, na ubadilishe maji ya breki. Kama mkanda wa taimingi hauna risiti, ubadilishe pamoja na pampu ya maji, maana ufundi wa kufungua ni ule ule.

Baada ya hapo, pima oili kila kilomita 500, asubuhi, gari likiwa mahali tambarare, na uandike. Ikipungua hadi robo lita kwa kilomita 1,000, kwa gari la umri huu endelea tu kuongeza. Ikifika nusu lita, kagua uvujaji na sili za valvu. Ikipita lita moja, anza kutenga pesa za injini sasa, ukiwa bado unaendesha.